Kwa nini kutoka Dodoma kwenda Ruaha kwa ndege lazima urudi Dar kwanza?

#1 Zabibu_Kavu
Wadau, habari za mchana.

Dada yangu ameolewa Ujerumani. Mwezi wa saba anakuja na mumewe pamoja na wakwe zake, wazee wa miaka sabini na kitu. Watakaa kwanza hapa Dodoma siku kadhaa, maana mama ameshatangaza kwamba hakuna kwenda kuangalia tembo kabla ya watu kukaa kitako nyumbani na kula mlenda. Baada ya hapo wanataka Ruaha, halafu Katavi, halafu Dar kupanda ndege ya kwao. Usafiri wote nimeachiwa mimi.

Nimekaa na ramani. Kutoka hapa Makole hadi Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, ukipima kwa rula ni kama kilomita 190. Lakini kila ofisi ninayopiga simu jibu ni lile lile: peleka wageni Dar, kisha wapande ndege ndogo irudi huku magharibi. Kilomita 400 hivi kwenda, nyingine karibu 480 kurudi. Hii akili ya wapi? Makao makuu ya nchi hayana ndege ya kwenda hifadhi ambayo ni jirani yake?

Na swali la pili: wakitoka Dodoma asubuhi, wanaweza kulala Ruaha siku hiyo hiyo?

#2 Mzee wa Kizota
Ngoja waje wenye ndege zao. Sisi wa bajaji tunasoma tu.

#3 Kunguru_wa_Terminali
Dada Zabibu, jibu ni soko. Ndege inafuata abiria. Watalii wanashukia Dar, Zanzibar, KIA (uwanja wa Kilimanjaro). Wanaoshukia Dodoma ni wabunge, makatibu, watu wa semina na wakandarasi. Nani kati yao anapanda ndege ya viti kumi na mbili kwenda porini Jumanne? Kampuni ndogo nyingi hata Dar–Ruaha zinataka angalau abiria wawili ndipo ziruke. Sasa Dodoma atawapata wapi kila siku?

Swali la pili: inawezekana, ila usifanye.

#4 Binti_Mpwapwa
Nakusapoti mkuu Kunguru. Ila Ruaha ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote nchini, serikali ingetia mkono hapo.

#5 Mnyalu_Ipogolo
#4 hapana. Ruaha ilikuwa ya kwanza baada ya kuongezewa Usangu mwaka 2008, ikafika kilomita za mraba 20,226. Mwaka 2019 ikazaliwa Hifadhi ya Nyerere kutoka Selous, kilomita za mraba 30,893. Sisi Wanyalu wa Iringa tumeshakubali nafasi ya pili, na nyie mkubali.

#6 Dereva_wa_Mtera
Mnazunguka bure. Dodoma–Mtera–Iringa lami tupu, kilomita 260 hivi, ukitoka alfajiri saa nne uko Iringa unakunywa chai. Iringa hadi Msembe ni kama 130, unapita Kalenga, Idodi, Tungamalenga. Mnalala Iringa au Tungamalenga, kesho yake asubuhi mko getini. Ndege ya nini?

#7 Zabibu_Kavu
#6 kaka asante, hilo nililiwaza. Shida ni mkwe wa kike, ana mgongo. Kipande cha Iringa kwenda hifadhini vumbi lake nalijua.

#8 Dereva_wa_Mtera
Basi mwendo wa pole, gari lenye springi nzuri na mto wa kukalia. Na kumbuka hata akiruka kwa ndege, akishuka Msembe atapanda lendirova la wazi siku nzima kwenye njia za hifadhini. Mgongo utakutana nalo tu.

#9 Rubani_wa_Zamani
Nasoma majibu, nimeona soko limetajwa peke yake. Niongeze ya upande wetu wa kiti cha mbele.

Ndege za huko nyingi ni Cessna Caravan, injini moja. Viwanja vya hifadhini ni changarawe au udongo, havina taa. Kwa hiyo unaruka mchana, kwa kuona kwa macho, na lazima uwe chini kabla jua halijazama. Kule jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Hakuna rubani mwenye akili atakayepanga kutua dakika ya mwisho, maana kabla ya kutua unaweza kulazimika kupita chini kwanza kufukuza swala na twiga.

Halafu mafuta. Viwanja vingi vya porini huwezi kufika ukasema jaza tangi. Unaondoka na mafuta ya kwenda na ya kuendelea. Caravan inaruhusiwa kuruka na uzito wa jumla chini kidogo ya tani nne, ndege yenyewe ikiwemo. Ukijaza mafuta, unapunguza watu au mizigo, na saa nane mchana kwenye joto la Ruaha ndege inataka uwanja mrefu zaidi kunyanyuka kuliko asubuhi. Kampuni inayoweka ndege yake Dar au Arusha ina mafundi pale, mafuta pale, vipuri pale. Kuleta ndege moja ilale Dodoma kwa ajili ya watu wanne ni gharama inayomrudia abiria.

#10 Kunguru_wa_Terminali
#9 kwa hiyo ni soko. Umesema nilichosema kwa maneno mengi.

#11 Rubani_wa_Zamani
Sijasema hivyo. Hata ukiwapata abiria, saa za mwanga hazijadiliwi bei.

#12 Mzee wa Kizota
Naomba na mimi niweke yangu. Hii nchi njia zake zilichorwa na Mjerumani kwenda pwani. Reli ya kati ilitoka Dar ikapita hapa ikafika Kigoma 1914. Lami ikafuata, ndege zikafuata. Kila kitu kinateremka baharini. Leo tumehamia Dodoma lakini njia bado zinaamini mji uko Dar.

#13 Binti_Mpwapwa
Mzee umetoka wapi na Mjerumani, mgeni mwenyewe ni Mjerumani 😂

#14 Mzee wa Kizota
Ndiyo aone kazi ya babu zake.

#15 Sitalike_Yetu
Kuna sababu nyingine watu wanaiogopa kuitaja. Baadhi ya wenye kambi ndio hao hao wenye ndege. Ratiba inapangwa kulisha vitanda vyao: mgeni atoke Zanzibar au Nyerere, aangukie Ruaha, wote ni wao. Mtu wa Dodoma hayupo kwenye hesabu hiyo.

Halafu dada, umesema na Katavi. Hapo ndipo penye kazi. Ndege ndogo za kwenda Katavi, ziwe za Arusha au za kupitia Ruaha, kwa kawaida ni mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Ukikosa ya Alhamisi unakaa hadi Jumatatu. Watu wanakata tiketi ya Ulaya kwanza, wanachagua siku ya bei rahisi, halafu wanashangaa siku za Katavi haziingii. Anza na Katavi. Weka siku yake kwenye kalenda, kisha hesabu kurudi nyuma hadi Ruaha, hadi Dodoma, hadi siku ya kutua Dar. Tiketi kubwa iwe ya mwisho kulipiwa.

#16 Zabibu_Kavu
😳 Tiketi kubwa wameshalipa. Wanaingia Ijumaa saa saba usiku.

#17 Kunguru_wa_Terminali
Saa saba usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, au wa Alhamisi kuamkia Ijumaa? Angalia tiketi vizuri. Kama imeandikwa 01:10 tarehe ya Ijumaa, basi ni Alhamisi usiku, na dereva lazima awe uwanjani Alhamisi kabla ya kulala. Kila msimu kuna mgeni anasubiri pale nje usiku kucha huku mwenyeji wake amelala fofofo akijua ni kesho.

#18 Zabibu_Kavu
Ngoja nimpigie dada.

#19 Mtu_wa_Nzuguni
Wakati anapiga simu: kwa nini wasipande SGR, treni ya umeme, kuja Dodoma? Ya haraka ni saa tatu na nusu hivi, tangu Agosti 2024 tunaishi kama wafalme. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa 31,000. Wazee wataona Ruvu, wataona milima ya Uluguru, na mgongo hautasema kitu.

#20 Binti_Mpwapwa
SGR naiunga mkono kuja na kurudi. Ila Stesheni ya Magufuli, ile ya SGR pale Dar, na uwanja wa ndege wa Nyerere haviko pamoja. Barabara ya Nyerere jioni, Mungu akusaidie.

#21 Mtu_wa_Nzuguni
Unashukia Pugu, uwanja uko karibu.

#22 Kunguru_wa_Terminali
Treni ya kawaida ndiyo husimama Pugu. Ya haraka inakupitisha hadi mjini. Asome tiketi kabla hajamwambia mzee ajiandae na mabegi mlangoni.

Na kwa wageni: pale uwanjani majengo ni matatu. La tatu, lililofunguliwa 2019, ni la ndege za nje. La pili ni za ndani kubwa kubwa. Ndege ndogo za hifadhini nyingi ziko la kwanza, lile la zamani, na si mwendo wa kukokota begi kwa miguu kutoka la tatu. Ukitoka Ulaya una foleni ya viza, begi, forodha, kisha gari kwenda jengo jingine, kisha mizani. Anayekwambia saa moja na nusu inatosha hajawahi kushuka na ndege iliyojaa.

#23 Zabibu_Kavu
Nimerudi. #17 Mungu akubariki, ni Alhamisi usiku! Shemeji mwenyewe alikuwa anasema Ijumaa usiku. Ameniambia "asante sana" mara nne na kwa Kiswahili.

Sasa naomba mnisaidie: Dodoma asubuhi kwa ndege kubwa, halafu ndege ndogo ya Ruaha mchana ule ule. #3 umesema nisifanye. Kwa nini?

#24 Kunguru_wa_Terminali
Kwa sababu ni tiketi mbili za kampuni mbili zisizojuana. Ndege ya Dodoma ikichelewa saa mbili, yule wa kwanza atakwambia pole, yule wa pili atakwambia hukufika. Hakuna anayewajibika kukupa kitanda wala tiketi mpya. Ingekuwa tiketi moja yenye namba moja ya buking, mzigo ungekuwa wao. Na ndege ndogo nyingi za Ruaha zinaondoka Dar asubuhi, kwa hiyo unafukuzana nayo. Lala Dar usiku mmoja. Gharama ya hoteli ni ndogo kuliko kukodi ndege ya peke yenu.

#25 Mtumishi_Mtumba
Naongeza: msimu wa Bunge la Bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, viti vya Dodoma–Dar Ijumaa mchana usitegemee. Mwaka mmoja nilikuwa na mkutano Dar nikakosa kiti, nikaenda na basi, nikafika ukumbini watu wanakunja viti. Julai Bunge limeshaahirishwa, kuna ahueni. Ila ikisogea mwanzoni mwa Agosti, Nanenane hapa Nzuguni, hata gesti utaitafuta kwa tochi.

#26 Dereva_wa_Mtera
Narudia, barabara haina Bunge.

#27 Mnyalu_Ipogolo
Dereva kwa mara ya kwanza nakuunga mkono, nusu. Mpango wangu: Dodoma–Iringa kwa gari, walale Iringa, wapite Kalenga waone makumbusho ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kesho yake Ruaha. Kisha kutoka Msembe wapande ile ndege ya Jumatatu au Alhamisi kwenda Katavi. Kwa hiyo Dar hawarudi hadi mwisho. Wajerumani kwa Mkwawa wana shughuli zao za zamani pia, fuvu lake alilirudisha Mwingereza mwaka 1954 kutoka Bremen. Waende wakaone.

#28 Mzee wa Kizota
Sasa wewe unataka kumharibia dada ndoa.

#29 Mnyalu_Ipogolo
Historia haina ukwe.

#30 Rubani_wa_Zamani
Mpango wa #27 unafungika vizuri, na mimi ningeuchukua. Lakini mtu asisahau uzito. Ndege hizo kilo 15 kwa mtu, na kampuni nyingi zinahesabu na begi la mkononi humo humo. Begi liwe laini, lisilo na magurudumu wala fremu, maana linasukumwa kwenye kichumba cha chini ya tumbo la ndege na begi gumu halijikunji. Sanduku la zawadi za Ulaya libaki Dodoma kwa mama. Ukizidisha unaweza kununua kiti cha mzigo kama kipo. Na wasichukie wakiombwa uzito wao wenyewe, hiyo hesabu si ya udaku.

#31 Binti_Mpwapwa
Mkwe apandishwe mizani mbele ya shemeji? 😂😂 Hii safari itakuwa na mambo.

#32 Kisongo_A
Salaam kutoka Arusha. Mbona hamjataja njia ya kaskazini? Dodoma–Kondoa–Babati ni lami tangu 2018. Wanakuja Arusha kwa gari, njiani Kolo wanaona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiandikisha 2006, wanalala Tarangire. Kisha Jumatatu wanapanda ndege ya Katavi kutoka hapa. Ruaha waiache. Tembo ni tembo.

#33 Mnyalu_Ipogolo
"Tembo ni tembo." Mods, huyu afungiwe.

#34 Kunguru_wa_Terminali
#32 njia nzuri, ila onyo. Ndege za Katavi zinatoka uwanja wa Arusha, Kisongo. Si KIA. Kati yao ni zaidi ya kilomita 50 na jiji la Arusha lote katikati. Kuna watu wanafika KIA saa tatu asubuhi, ndege yao iko Kisongo saa tatu na nusu.

#35 Kisongo_A
Asante mkuu, nilidhani kila mtu anajua.

#36 Sitalike_Yetu
Wapo wasiojua na ndio wengi.

Sasa mimi wa Katavi niseme ya kwetu. Kuna njia ya mtu wa kawaida ambayo maofisa wa safari hawaisemi kwa sababu haina kamisheni kubwa. Ndege kubwa ya abiria ya Dar–Mpanda, mara nyingi inapitia Tabora. Unashuka Mpanda, unapanda gari hadi Sitalike, chini ya kilomita 40. Begi lako ni la kilo za kawaida, sanduku lenye magurudumu ruksa. Geti lipo pale kijijini, viboko unawaona darajani kabla hujalipa chochote. Julai hadi Oktoba maji yanapungua, wanabanana kwenye madimbwi ya mto Katuma mmoja juu ya mwenzake.

Ubaya: ukishukia Mpanda, kambi za ndani kule uwanda wa Chada na Katisunga bado ni mbali kwa gari. Ndege ndogo inakushusha Ikuu, katikati kabisa.

#37 Binti_Mpwapwa
Katavi si iko Rukwa?

#38 Sitalike_Yetu
Ilikuwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa 2012, Mpanda ndiyo makao makuu. Binti leo umeamua.

#39 Mtumishi_Mtumba
Na kutoka Dodoma kwa barabara je? Manyoni–Itigi–Tabora–Sikonge–Mpanda siku hizi ni lami.

#40 Dereva_wa_Mtera
Lami ndiyo, lakini huo ni mwendo wa siku nzima na zaidi, alale Tabora. Mimi naenda, mgongo wa mzee hapana. Hata mimi nina mipaka.

#41 Mtu_wa_Nzuguni
Uwanja mpya wa ndege wa Msalato hapa Dodoma ukikamilika haya yote yataisha. Njia ya kurukia ya kilomita 3.6, ndege za nje zitashuka hapa moja kwa moja. Watalii watashuka Dodoma.

#42 Kunguru_wa_Terminali
Watashuka wakitaka Dodoma. Uwanja mrefu hauleti mtalii. Mtalii analetwa na kitanda, na ndege ndogo inayomsubiri pale pale chini.

#43 Mzee wa Kizota
Lakini reli ililetwa kwanza, watu wakafuata. Mpanda yenyewe reli ya kutoka Kaliua ilifuata madini ya risasi. Kuku na yai hapo hamtamaliza.

#44 Rubani_wa_Zamani
Hata Msalato ukiwa na taa za kila aina, Msembe haitakuwa na taa. Ndege ya Ulaya ikishuka Dodoma saa kumi jioni, mgeni bado analala Dodoma.

#45 Mtu_wa_Nzuguni
Alale basi. Hela ibaki Dodoma. Tatizo liko wapi?

#46 Zabibu_Kavu
Nimewasoma wote. Nimeuliza pia bei ya kukodi ndege nzima Dodoma–Msembe. Nimeambiwa nalipia na safari ya kuja tupu kutoka Dar na kurudi kwake. Nimekata simu kwa heshima.

Kwa sasa nimebaki na mbili: wa #27 kwa gari hadi Ruaha kisha ndege ya Alhamisi kwenda Katavi, na kurudi Dar kutoka Mpanda kwa ndege kubwa. Au SGR hadi Dar, walale, wapande ndege ndogo ya asubuhi. Mama anataka ya kwanza kwa sababu gari litakuwa na nafasi yake. Shemeji anataka ya pili kwa sababu ina ratiba iliyoandikwa.

#47 Kunguru_wa_Terminali
Kwa ile ya kwanza, siku ya mwisho usiwarushe kutoka Mpanda mchana na ndege ya Ulaya usiku huo huo. Warudi Dar siku moja kabla. Ndege ya Mpanda haiendi mara kumi kwa siku useme utapanda inayofuata.

#48 Mnyalu_Ipogolo
Na nguo: wasivae bluu wala nyeusi, mbung'o wa Ruaha na Katavi wanazipenda. Mifuko ya plastiki waache kwao, imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Ya zipu ya kuwekea dawa na sabuni inaruhusiwa.

#49 Sitalike_Yetu
Mbung'o wa Katavi wanapenda hata khaki, tusidanganyane.

#50 Mama_Itigi
Samahani kuingilia uzi wa watu. Sisi tuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu, tunataka Ruaha Septemba. Akikaa kwenye mapaja anahesabiwa kwenye zile kilo?

#51 Rubani_wa_Zamani
Kiti halipii kwa kawaida akiwa chini ya miaka miwili, lakini uzito wake unaandikwa. Kila kinachopanda kinaandikwa. Na uliza kambi kwanza, nyingine hazipokei watoto wadogo.

#52 Mama_Itigi
Asante kaka. Na kigari chake cha kusukuma?

#53 Kunguru_wa_Terminali
Mama Itigi, porini utakisukumia wapi?